Mti Mkavu Kando ya Maji

Jumanne, 1 Aprili

Nyumbani tunasema Kijaluo na shuleni Kiingereza. Kurasa hizi nitaziandika kwa Kiswahili, kwa sababu ni lugha ambayo hakuna mtu anayenituma nayo kuteka maji.

Masika yameanza leo. Mvua ilitoka ziwani mchana, nyeupe kama shuka, ikapita juu ya mashamba ya Kisian na kutukuta bado tunaanua nguo. Kuni zote zilizokuwa nje zimelowa.

Jioni Dani alipika kwa kuni hizo hizo. Dani ni bibi yangu, mamake Mama. Jina lake ni Dorca, lakini halitumiwi na mtu yeyote isipokuwa mchungaji wa kanisa. Jiko lake ni mafiga matatu katikati ya kibanda cha udongo. Moshi ulijaa mpaka nikawa siuoni mkono wangu, na Winny, mdogo wangu wa miaka mitano, akaanza kile kikohozi chake kinachoishia kwa mlio wa filimbi. Ana pumu. Nilimtoa nje tukakaa chini ya upenu, mvua ikitupiga magotini.

Mama yuko mjini. Tangu aachane na Baba anauza mitumba soko la Kibuye, na analala katika chumba kimoja mtaa wa Manyatta. Alipotuleta kwa Dani mwezi wa kwanza alisema kwamba Winny akizidiwa na moshi, atamchukua. Atamweka wapi? Chini ya meza ya nguo, kwenye vumbi la marobota, ambalo kifua cha Winny hakiliwezi pia. Mtungi mdogo wa gesi aliotuachia uliisha zamani. Dani ameufunika kitambaa na kuweka sahani juu yake, kama meza.

Nimeamua kwamba masika haya nitatafuta moto usio na moshi.

Alhamisi, 3 Aprili

Baada ya somo la sayansi nilimfuata Mwalimu Safia na kumwuliza kuhusu moshi. Hakucheka. Aliweka vitabu vyake chini na kunieleza kwamba moshi ni sehemu ya kuni ambayo haikupata kuungua, na kwamba maji yaliyo ndani ya kuni ndiyo yanayokula joto. Kuni kavu ina nyufa kichwani, ni nyepesi kuliko unavyotazamia, na ukigonga vipande viwili hulia kwa sauti kali, si kwa sauti butu kama ya viazi. Akasema pia kwamba mti uliokauka ukiwa bado umesimama ni bora kuliko uliolala chini, kwa sababu haukunywa unyevu wa ardhi.

Griffins, anayeketi nyuma yangu, aliwaambia wenzake kwamba mimi, Sheryl, sasa nasomea mapishi. Nilicheka kidogo. Nilikuwa nimeshaandika yote.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Kanisani, mvua. Kurudi, mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Shule imefungwa, kwa hiyo nimepata siku tatu za kujaribu.

Magunzi ya mahindi yanawaka vizuri na moshi wake ni mdogo, lakini yanakwisha kabla maji hayajachemka, na mavuno bado yako mbali. Mavi makavu ya ng'ombe yanakaa na moto kwa uvumilivu, ila moshi wake unatambaa chini, pale pale Winny anapokaa. Mkaratusi aliotupa jirani ulikatwa juzi tu. Ulitoa povu kwenye ncha zake na kupiga miluzi. Dani alisema kuni ile inaimba kuliko kwaya. Makaa tulinunua kopo moja, yakiwa yameloweshwa na mvua, na Mwalimu Safia alikuwa ameshanionya nisiyawashe na mlango umefungwa.

Jambo moja limefaulu. Juu ya mafiga kuna uchaga wa fito uliojaa vikapu vikuukuu. Niliviondoa nikapanga kuni zilizopasuliwa ili joto la moto wa leo likaushe kuni za kesho. Dani alitazama, akasema mama yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Nikamwuliza mbona yeye aliacha. Alisema mgongo ulikataa kunyanyuka, na hapakuwa na mtoto wa kumnyanyukia.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwisho wa boma letu, kule shamba linakokutana na matete ya ziwa, kuna mti mkubwa uliokufa ukiwa umesimama. Ni mwegea, ambao sisi tunauita yago. Hauna jani hata moja. Leo nilikwenda kuugonga kwa jiwe na ukalia kama mlango wa mbao. Tawi lililoanguka lilikuwa na nyufa kichwani na lilikuwa jepesi mkononi. Kila alichosema Mwalimu Safia kiko pale, hatua chache kutoka jikoni, na sisi tunavuta moshi wa mkaratusi.

Nilirudi mbio na lile tawi kumwambia Dani. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua macho.

"Ule si wa kuni," alisema.

Niliuliza kwa nini. Akaniambia nilirudishe tawi nilikolitoa. Nililirudisha, lakini nilikuwa na hasira. Kuna watu wanaopenda kitu kwa sababu tu wamekizoea, hata kama kimekufa na hata kama kingemsaidia mtoto. Sikutaka kumfikiria Dani hivyo, lakini leo nimemfikiria hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Winny amekohoa asubuhi na jioni. Dawa ya kuvuta imebaki kidogo. Ninamfundisha kukaa karibu na mlango.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mzee Zadock, jirani yetu aliyekuwa mvuvi na sasa anakata miti ya watu kwa msumeno wa petroli, alipita akaniona nagonga kuni moja moja kama daktari. Aliniita Injinia wa Moshi. Kisha akasema, "Mimi iko na mbao za mashua yangu ya zamani. Imekaa juani miaka mingi. Hiyo ukiwasha hata Roma wataona moto."

Alileta kifungu kizima begani. Nilizijaribu mbao zile kwa kila kipimo. Nyepesi. Nyufa tele. Zilipogongana zililia vizuri kuliko kitu chochote nilichogonga tangu nianze. Nimezipanga kwenye uchaga. Kesho nitapika chapati za Pasaka mimi mwenyewe, Dani akiwa kanisani na kina mama wenzake.

Jumapili, 20 Aprili

Naandika kwenye benchi la zahanati. Winny amelala. Anapumua vizuri sasa.

Jana mbao zilishika moto mara moja, na nilijisifu moyoni. Kisha rangi ya buluu ikaanza kutoa malengelenge. Kutoka kwenye maungio ilichuruzika lami nyeusi, ile wanayozibia mashua zisiingize maji, nayo ikawaka kwa mwali mchafu. Moshi wake haukuwa kama moshi wa kuni. Ulikuwa mzito na ulikwaruza koo kama kitu chenye kucha. Nilishika mbao kuzitoa nje moja moja, na nilikuwa nimegeukia mlango wakati niliposikia filimbi nyuma yangu. Winny alikuwa ameingia kuomba chapati ya kwanza. Alikuwa amekaa nyuma ya mtungi wa maji akinisubiri nigeuke, maana nilikuwa nimemkataza kuingia.

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Dawa ya kuvuta ilitoa pumzi mbili ikaisha. Nilimbeba hadi barabarani nikipiga kelele kwa jina la Mzee Zadock, naye akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

Muuguzi alimvalisha barakoa yenye mvuke wa dawa. Aliniuliza tulichoma nini, nikamwambia. Alisema wavuvi wengi hufanya hivyo, mbao ya mashua ni kavu na ni ya bure, na kila masika anaona watoto wao. Hakunigombeza. Dani alifika akiwa amebeba viatu mkononi. Alikuwa amekimbia kutoka kanisani. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa Winny na hakuuachilia mpaka leo asubuhi.

Nilijua kupima maji ndani ya mbao. Sikufikiri hata kidogo juu ya kile mtu alichokuwa ameipaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama amekuja. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Chumba chake Manyatta kinaingia maji kwa sasa, kwa hiyo hawezi kumchukua Winny leo. Lakini siku ya mwisho ya Mei atakuja na mfuko, na Winny akiwa amepatwa tena, au hata akiwa bado anapigia filimbi moshi wa jikoni, wataondoka pamoja. Dani aliitikia kwa kichwa tu. Alionekana mdogo kwenye kiti chake.

Nilichukua panga na kushuka hadi kwenye ule mti. Sikujiuliza tena. Nilikata mara moja na panga likanasa kwenye gome. Nilikuwa nalivuta wakati Mama aliponifikia.

"Liache," alisema. "Unajua unamkata nani?"

Tulikaa kwenye nyasi zilizolowa akanieleza. Babu Ooko, baba yake, alikwenda kuvua samaki, Mama akiwa hajaanza shule. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Walimtafuta mpaka watu wakachoka. Ndipo wazee walipofanya kama inavyofanywa kwetu ziwa lisipomrudisha mtu: walileta tunda la yago, lile refu na zito, wakalifunga kwenye shuka na kulizika kaburini mahali pake. Mama anakumbuka kwamba alililia tunda, na kwamba lilikuwa na urefu wa mtoto. Baada ya mvua, likaota. Wazee walitaka kung'oa mche. Dani alikataa. Aliuzungushia miiba, akaupalilia, na ulipokuwa mkubwa alikuwa akishonea chini yake kila alasiri.

"Halafu ziwa likapanda," Mama alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa kwetu mjini. Maji yalifika hapa, yakasimama kwenye mizizi miezi na miezi mpaka mti ukafa. Mama yangu amefiwa mara mbili, na ziwa ni lile lile."

Alilinasua panga mwenyewe, polepole, asiongeze jeraha.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilishuka kuomba msamaha, sijui kwa nani. Pale nilipokata, mtu amepaka udongo laini, kama unavyofanyiwa mti ulio hai. Alama za vidole ni za Dani.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Mwalimu Safia alisema kosa langu lina faida moja tu, kwamba nimelijua, nisilitupe. Akashauri tutoboe tundu la hewa chini ya paa, upande unaoelekeana na mlango. Mzee Zadock amelitoboa leo jioni. Tangu Pasaka hanitazami usoni, na leo hakuniita Injinia.

Jumanne, 29 Aprili

Tundu linasaidia. Mvua inaingia humo pia.

Jumamosi, 3 Mei

Ziwa linapanda tena. Redio imewaambia watu wa mabondeni wahame. Kwetu maji yamepita matete na kuingia shambani, na asubuhi hii yalikuwa yanalamba mizizi ya mti. Mti wenyewe umeinama kidogo kuelekea majini. Dani alisimama kuutazama muda mrefu, kanga ikiwa imemlowa mabegani. Zamani ningesema anapoteza muda. Leo nilimpelekea mwavuli nikasimama naye.

Kuni za kwenye uchaga haziwahi kukauka. Zinazokatwa zinalowa kabla hazijafika nyumbani. Winny anapiga filimbi kidogo kila jioni.

Jumatano, 7 Mei

Nataka niandike siku hii sawasawa.

Nilipotoka shule Dani alikuwa ananisubiri langoni akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alinishika mkono tukashuka hadi kwenye mti. Maji yalikuwa yameuzunguka tayari na tulisimama ndani yake hadi vifundoni.

"Yule mwalimu wako," aliniuliza, "alisema kuni nzuri ni ya mti gani?"

Nilisita. Nikamwambia: ule uliokauka ukiwa umesimama.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilokuwa nalo. Kisha akanituma nimwite Mzee Zadock aje na msumeno.

Mzee Zadock alikuja, lakini alipoona ni mti gani, aliuweka msumeno begani tena. Alisema amekata miti ya kila mtu kutoka hapa hadi mlimani, lakini huu hawezi. "Mama, hii ni Ooko. Mimi nilikuwa kwa mtumbwi ya pili ile siku. Watu watasema nini?"

"Watu wana mafiga yao," Dani alisema. "Na wewe Zadock, ulimtafuta siku ngapi majini? Angalia, ndiye huyu. Kesho kutwa ziwa litamwangusha na kumbeba, nami sitakubali limchukue tena."

Mzee Zadock aliushusha msumeno. Alivua kofia yake.

Dani akausogelea mti na kuweka kiganja pale alipopaka udongo. Alizungumza nao kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumwita mtu aliyechelewa kula.

"Ooko," alisema. "Toka majini sasa. Kuna mjukuu wako nyumbani anakohoa."

Kisha akarudi nyuma, akanisogeza nami, na akamwambia Mzee Zadock kwamba yuko tayari.

Alhamisi, 8 Mei

Mti uliangukia upande wa nyumbani. Mzee Zadock anasema ni kamba alizofunga. Dani anasema sawa, ni kamba.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepasua na kubeba kutwa. Mikono yangu ina malengelenge. Dani ameweka sharti moja: kuni hizi hazitatoka katika boma hili, haziuzwi wala hazigawiwi, hata kijiti. Mzee Zadock alikataa kulipwa. Aliomba tu aitwe siku tutakapowasha. Jioni aliniuliza, "Injinia, tupange wima ama tulaze?" Nilifurahi kusikia jina hilo.

Vipande vya kati ni vikavu kabisa. Hakuna rangi, hakuna lami. Nimevitazama vyote, kimoja kimoja, pande zote.

Alhamisi, 15 Mei

Tumewasha leo. Nilisafisha majivu ili hewa ipite chini, nikaanza na vibanzi vyembamba, kisha vipande vitatu tu, ncha zikikutana katikati. Winny alikaa mlangoni kwa amri yangu. Mzee Zadock alisimama nje na kofia mkononi.

Moshi ulitoka mwanzoni, mwembamba, ukapanda moja kwa moja hadi kwenye tundu na kutoka. Baada ya hapo ulikuwa moto tu. Nilimwona Dani vizuri upande wa pili wa mafiga, uso wake wote, na nikagundua kwamba tangu nihamie hapa sijawahi kumwona uso wake jikoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nilimwuliza, akasema ni la utotoni, alianguka kwenye jiwe.

Winny alisogea. Kiti kwanza, kisha yeye, kisha kiti tena. Sikumzuia. Nilisikiliza kifua chake kwa sikio langu na hapakuwa na filimbi.

Dani alinyoosha viganja vyake motoni na kukaa hivyo.

"Miaka yote hii nikilala namwona amelowa," alisema. "Kila nikimwota, nguo zinamchuruzika maji. Nilikuwa nikiamka namtafutia shuka."

Mzee Zadock alipenga kamasi nje na kusema mvua hii itamwua.

Jumanne, 20 Mei

Uji, maharagwe, uji. Kuni mbichi ziko juu ya uchaga zikikaushwa na moto wa Babu. Nimepiga hesabu kwamba nikiwa mwangalifu hizo zitakuwa tayari kabla ya hizi kwisha. Nitakuwa mwangalifu.

Jumatatu, 26 Mei

Winny amelala usiku kucha bila kuamka. Mimi ndiye niliyeamka, kumsikiliza.

Jumamosi, 31 Mei

Mama amekuja na mfuko. Ni ule mkubwa wa mistari wa kubebea mitumba, aliukunja chini ya kwapa, na Winny alipouona alijificha nyuma ya Dani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Tulipanga kila kitu kama siku yoyote nyingine, kwa sababu Dani alisema tusimwigizie.

Mama hakusalimia sana. Alisimama mlangoni mwa jikoni akivuta hewa kwa pua kama anayetafuta kitu. Alimwita Winny, akamwinamia na kuweka sikio kifuani pake, mbele na nyuma. Akamwambia avute pumzi ndefu. Akamwambia tena. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda na kuutazama moto, na baada ya muda macho yake yakatulia kwenye vipande vilivyopangwa ukutani. Aliinuka akachukua kimoja. Kilikuwa na gome, na kwenye gome palikuwa na alama ya panga na udongo uliokauka.

Alimtazama Dani. Dani alikuwa anakoroga uji.

"Mama," alisema Mama, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima. "Ulimtoa?"

"Alikuwa anapata baridi kule," Dani alisema. "Nipe hicho, moto unapungua."

Mama alikishika kile kipande kwa muda, kama kitu cha kupakatwa. Kisha akainama akakisukuma mwenyewe kati ya mafiga, taratibu, mpaka kikashika. Tulikaa wote wanne kukizunguka. Mvua ilipiga bati, na joto lilinifika hadi mifupani.

Winny, ambaye sasa alikuwa ameelewa kwamba mfuko ule ulibaki mlangoni na hakuna anayeutazama, alijiegemeza kwenye goti la Mama.

"Dani," aliuliza, "kesho Babu atatupikia nini?"

"Uji," Dani alisema. "Hakuwahi kujua kupika kitu kingine."